Mtungi Hupanda Lifti Peke Yake

"Nguo zimekauka," sauti ya kike ilisema kwenye simu. "Zianue kabla mvua haijanyesha."

"Ziko ngapi, Bibi?"

"Moja. Nyeusi."

Simu ikakatwa.

Shemeji aliitia Nokia yake mfukoni, akafunga dirisha la stoo na kuvua miwani ambayo macho yake hayakuwahi kuihitaji. Tangu mwezi uliopita alikuwa mtunza stoo wa jengo lile la utafiti, akigawa glovu na balbu, akigombana na watu kuhusu makopo ya sabuni. Kabla ya hapo alikuwa kitu kingine. Katika idara yake hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Mkuu wao alikuwa Bibi, halafu kulikuwa na Mjomba, Wifi na wengineo, na yeyote aliyedukua mazungumzo yao alidhani ameangukia ukoo unaogombana kuhusu kufua nguo. Yeye alipewa Shemeji. Alipolalamika aliambiwa nafasi ya Baba imeshachukuliwa.

Nguo nyeusi ilikuwa kigae.

Ghorofa ya tatu ilikuwa himaya ya profesa mmoja, mama wa makamo ambaye jengo zima lilimwita Mfinyanzi, kwa kuwa kutwa alikuwa anachanganya unga na kuuchoma tanurini. Unga wenyewe ulikuwa wa madini: itriamu, bariamu, shaba, na mengine ambayo hakumwambia mtu. Aliuchoma ndani ya mkondo wa oksijeni, akaupoza polepole, na kilichotoka kilikuwa kigae cheusi cha kauri, mviringo, kikubwa kama kifuniko cha kopo. Ukikitumbukiza kwenye naitrojeni ya maji, kilipitisha umeme bila kupoteza hata chembe, na sumaku ukiiweka juu yake haikutua. Ilielea. Wataalamu wanaziita kauri za joto la juu, na joto lenyewe ni baridi ya kukata kidole, lakini ndivyo wataalamu walivyo. Metali zilizozitangulia zilidai baridi kali kuliko hiyo, ya gharama isiyosemeka.

Kauri za namna hiyo ziko nyingi. Cha Mfinyanzi kilikuwa tofauti, maana kilianza mambo yake kikiwa bado njiani kuelekea kwenye baridi hiyo. Alikipata mara moja tu. Alirudia kwa unga uleule, tanuri lilelile na mikono ileile, akaambulia vigae vya kuzuia mlango usijifunge. Siri ilikuwa ndani ya kile kimoja, na njia ya kuijua ilikuwa kukivunja na kukichungulia. Hakuthubutu. Alikitunza kama mtoto wa pekee, kikining'inia kwa uzi ndani ya mtungi wa naitrojeni, mbali na unyevu wa hewa unaozila kauri hizi taratibu.

Na kuna watu waliokuwa wamevuka mipaka kukifuata.

Siku Shemeji aliporipoti kazini, Mfinyanzi alimkabidhi kipimahewa, kidude cha kubana shatini, kisha akamwekea sheria.

"Bwana Stoo, hapa hatufi kwa moto. Tunakufa kwa usingizi. Mtungi hupanda lifti peke yake, mtu hupanda ngazi. Lifti ikikwama na wewe umo, naitrojeni inageuka mvuke inafukuza hewa yote, wala hutakohoa. Utasinzia tu. Na ukimwona mwenzako ameanguka kwenye ukungu wake, usimkimbilie kichwakichwa. Aliyemfuata aliyeanguka huzikwa naye."

"Nimekuelewa, Mama."

"Wote husema hivyo," Mfinyanzi alimjibu.

Sasa Shemeji alipanda ngazi mbilimbili. Glock ilikuwa mgongoni chini ya koti la kazi, Motorola ndogo kifuani, na waya wake ulipita kolani hadi sikioni. Alifika ghorofa ya tatu. Maabara ilikuwa wazi. Mfinyanzi alikuwa kwenye mkutano jengo la pili, kama kila Jumatano. Juu ya meza, mahali pa mtungi, palibaki duara la barafu jembamba lililoanza kuyeyuka.

Alikuwa amechelewa.

Akatoka kwenye korido. Kule mwisho, mtu wa ovaroli ya buluu ya wauza gesi, kofia na barakoa usoni, alikuwa anausukuma mtungi kwa kigari kuelekea kwenye lifti ya mizigo. Mlango ulifunguka. Akausukuma ndani.

Kisha naye akaingia.

Hakuna fundi wa gesi duniani afanyaye hivyo. Wale watu wangesahau majina ya watoto wao kabla ya kusahau sheria ile. Shemeji alitimua mbio. Milango ilikuwa imebakiza upana wa kiganja alipoingiza bega, ikamkubali kwa kinyongo, ikajifunga nyuma yake.

Na hivyo yeye mwenyewe akaivunja sheria.

"Mikono juu."

Mtu wa ovaroli aliitazama Glock. Badala ya kunyanyua mikono alifungua mkanda ulioufunga mtungi kwenye kigari, akaukumbatia mtungi shingoni na kuuinamisha.

"Usisogee! Nitaumwaga!"

"Ukiumwaga tutakufa."

"Kitakachokufa ni kigae."

Sauti ile Shemeji hakuijua, lakini macho aliyajua. Aliyaona kila asubuhi alipopeleka glovu maabara, kwenye picha ya harusi iliyokuwa mezani kwa Mfinyanzi. Bwana harusi, suti ya kijivu, tabasamu la mtu anayebanwa na viatu.

"Wewe ni mkwewe," alisema. "Umemwoa binti yake."

Mkwe aliubana mtungi kifuani. Barakoa ilipanda na kushuka.

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekula kweli, kila Jumapili, mezani kwa mama mkwe wake. Hapo mezani ndipo aliposikia kigae kiko wapi, kinaning'inia vipi na Jumatano nani hayupo. Sheria ya lifti hakuisikia. Nani anasimulia sheria za lifti wakati wa kula?

"Walikuambia upite wapi?" Shemeji aliuliza polepole.

"Ngazi za dharura. Lakini mtungi mzito! Ghorofa tatu!"

"Na umeme wanaukata lini? Najua wataukata, kamera hazijizimi zenyewe."

Mkwe alitupia jicho Casio yake. Rangi ikamtoka.

"Sasa hi—"

Taa zikazimika.

Lifti ilishtuka na kusimama ghafla. Mtungi uliokwisha kuinama ulimponyoka Mkwe mikononi. Uligonga sakafu, kizibo kikaruka, na ndani ya kishindo hicho Shemeji alisikia mlio mdogo mkavu, wa sahani inayopasuka jikoni kwa mtu mwingine. Halafu kukawa na sauti ya mchemko. Baridi ilimshika vifundo vya miguu.

Aliwasha tochi. Ukungu mweupe ulikuwa umeshafika magotini.

Kipimahewa kikaanza kulia.

"Panda juu!" Shemeji alipaza sauti. Kulikuwa na bomba la kushikia lililozunguka kuta, akakanyaga juu yake, mgongo ukutani, kichwa darini. "Panda, hewa mbaya iko chini!"

"Ni ukungu tu," Mkwe alisema. Alikuwa amevua barakoa. Alipiga magoti, akaanza kupapasa sakafuni. "Kigae. Nikikikosa wataniua. Wako hapo chini na Hiace..."

"Mkwe! Simama!"

"Waliniahidi kazi nje. Mimi na mke wangu." Alicheka kicheko cha mlevi. "Ngoja nipumzike kidogo. Kidogo tu."

Akajilaza ubavu, taratibu, na ukungu ukamfunika.

Shemeji aliogopa. Tusimpambe, aliogopa sana. Amewahi kulengwa risasi, amewahi kurushwa kwenye gari linalokwenda, lakini huko kote kulikuwa na mahali pa kukimbilia. Hapa kulikuwa na kuta nne za bati na king'ora cha kidude kinachomsimulia jinsi anavyokufa. Aliwaza kwamba kesho tangazo la kifo litamtaja kama mtunza stoo, na wenzake watachangia shada kwa jina lisilo lake.

"Bibi." Aliminya Motorola. "Bibi, nisikie."

"Uko wapi?"

"Ndani ya lifti. Kati ya ghorofa. Nguo ninayo, imeanguka. Mtungi umemwagika, hewa inaisha."

Bibi hakuwa mtu wa kusema pole.

"Wifi ameshafika kwenye swichi kuu waliyoizima," alisema. "Nikimwambia awashe, umeme unarudi sasa hivi. Lakini ile lifti unaijua."

Aliijua. Lifti ile ilikuwa kongwe na ina tabia zake. Kila umeme uliporudi, ilishuka moja kwa moja hadi maegesho ya chini ya ardhi kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Na maegesho ndiko Hiace ilikokuwa inangoja.

"Wako wangapi huko chini?"

"Wawili. Mwenye tai, ndiye mnunuzi. Na dereva. Wote wana bunduki. Vijana wetu wako geti la mbele, wanazunguka, hawajafika."

Umeme usiporudi, atalala. Ukirudi, atapelekwa kwa wenye bunduki kama mzigo wenye anwani.

Alitazama juu. Darini kulikuwa na kidirisha cha mafundi, komeo lake limeota kutu. Akaligonga kwa kitako cha Glock. Likagoma. Akagonga tena, mkono ukiwa mzito, na ghafla akajisikia vizuri. Moyo mwepesi, mabega yamelegea, hamu ya kukaa chini kama Mkwe.

Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Akaligonga komeo kwa hasira. Likaachia. Alisukuma kidirisha, akatoa kichwa kwenye giza la shimo la lifti, akavuta pumzi. Hewa ilinuka grisi na vumbi la miaka, naye aliinywa kama maji ya kisima.

"Bibi, nimepata njia ya darini. Ila kuna mtu humu. Amezimia."

"Nani?"

"Mkwe wa Mfinyanzi. Ndiye mwizi."

"Basi mwache. Nafasi ni moja. Chukua kigae, panda, mimi nawasha."

Alikuwa sahihi. Pumzi moja ingemtosha kushuka, kupapasa na kurudi na kigae. Pumzi moja ingemtosha vilevile kumfunga mtu mkanda. Kama angetaka yote mawili, mwenye ovaroli angekuwa maiti kabla ya zamu yake.

Shemeji akaiona tena ile picha ya harusi. Aliwahi kuifuta vumbi. Binti alikuwa na pua ya mama yake.

"Bibi, sikusikii vizuri."

"Unanisikia vizuri kabisa! Shemeji—"

"Laini mbaya. Nikigonga mara mbili, washa."

Akajaza mapafu, akafunga mdomo na kuruka ndani.

Baridi ilimuuma miguu. Hakupumua. Tochi ilionyesha weupe mtupu, akapapasa, akashika bega. Mkanda wa mtungi ulikuwa bado kwenye kigari, akauchomoa, akaupitisha chini ya makwapa ya Mkwe na kuukaza. Kifua kilianza kumdai. Aliukamata mwisho wa mkanda kwa meno, akakanyaga bomba, akajivuta hadi darini, akatoa kichwa na kuhema kama mbwa.

Kisha akavuta.

Mkwe alikuwa mwembamba, jambo ambalo mama mkwe wake alilisema mara nyingi. Hata hivyo mtu aliyezimia ni gunia la mchanga. Alimvuta kwa mikono, kwa mgongo, kwa matusi aliyoyameza. Kichwa kikatokeza. Mabega yakakwama, yakatoka. Akamlaza juu ya paa la lifti kati ya nyaya zenye grisi, akampiga kofi, akampiga la pili.

Mkwe alikohoa. Hakuna sauti mbaya aliyowahi kuifurahia hivyo.

"Nyamaza," alimwambia sikioni. "Ukisema neno nakurudisha."

Aligonga Motorola mara mbili.

Umeme ukarudi. Lifti ikaguna na kuanza kushuka. Kupitia upenyo wa kidirisha Shemeji aliona sakafu kwa mara ya kwanza, pale ukungu ulipojigawa. Mtungi ulilala ubavu, uzi umekatika, na karibu na ukuta wa nyuma kulikuwa na kigae.

Kilikuwa vipande viwili.

Akayafumba macho kidogo. Kigae kimoja duniani, na yeye amemchagua mwizi wake.

Lifti ilisimama. Milango ikafunguka.

Mwenye tai alikuwa mtu nadhifu, viatu vinang'aa, bastola ameishika kwa ustaarabu. Nyuma yake alisimama dereva, na nyuma ya dereva injini ya Hiace ilikuwa inanguruma. Ukungu ulimiminika ukawapita kwenye suruali.

"Kijana yuko wapi?" dereva aliuliza.

"Achana na kijana." Mwenye tai alikuwa amekiona kigae. "Kile pale. Shika mlango usijifunge."

Shemeji aliweka kidole kwenye kifyatulio. Akakiondoa. Risasi moja ingejibiwa na nyingi, na paa la lifti ni bati. Tena alikuwa amekumbuka sheria za Mfinyanzi, zote mbili.

Ingia, bwana mkubwa. Karibu sana.

Mwenye tai aliingia. Akapiga magoti kwa uangalifu, asichafue suruali, akainamisha kichwa ndani ya weupe ulioganda pembeni mwa lifti, akapapasa. Alishika kipande cha kwanza. Baridi ilimng'ata vidole vitupu, akapiga yowe, na baada ya kila yowe mtu huvuta pumzi ndefu.

Akaivuta.

Akaivuta ya pili. Halafu paji la uso wake likatua sakafuni, taratibu, kama mtu anayeswali.

"Bosi?" dereva alisema. "Bosi!"

Akamkimbilia. Kichwakichwa. Alimshika kola, akainama amnyanyue, akafungua mdomo amwite tena. Magoti yakamwisha, akamlalia bosi wake mgongoni. Mlango ulijaribu kujifunga, ukagonga buti lake, ukafunguka tena.

Shemeji alijaza mapafu, akashuka kupitia kidirisha, akapiga teke bastola zote nje. Akamburuta wa kwanza kwa tai yake, wa pili kwa buti, hadi kwenye saruji ya maegesho karibu na njia ya magari ambako upepo ulikuwa unaingia. Wote wawili walikuwa wanapumua. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila Bibi aliwataka hai, wana mengi ya kusimulia. Akawafunga pingu, kisha akarudi na glovu kuokota vipande. Vilikuwa vimeanza kuota ukungu wa barafu. Alivifunga kwenye leso na kuvitumbukiza ndani ya kopo la chembechembe za kukausha unyevu alilochukua stoo. Kuwa mtunza stoo kuna faida zake.

Vijana wa geti la mbele walifika wakikimbia, bunduki mbele, wakitafuta wa kumpiga.

"Mmekawia," aliwaambia. "Zimeni ile Hiace, inatumalizia hewa iliyobaki."

Mfinyanzi alikuta maabara yake imejaa watu. Mkwe alikuwa amekalishwa kitini, pingu mkononi, kinyago cha oksijeni usoni, ile oksijeni ya tanuri lake. Mama alisimama mlangoni. Macho yake yalikwenda kwenye duara la maji juu ya meza, kisha kwa Mkwe, kisha kwa mtunza stoo mwenye Glock.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua, Mama."

Alimwendea mkwewe, akasimama mbele yake.

"Ungeniomba nikuonyeshe, ningekuonyesha."

Mkwe alishusha kinyago. "Mama, hujawahi kuniuliza hata siku moja kazi yangu inaendaje. Mezani kwako tunakiulizia hali kigae."

Mfinyanzi aliinyanyua ile picha ya harusi mezani, akaifuta kwa kiganja.

"Hilo ni kweli," alisema mwishowe. "Na bado ni wizi. Mwanangu utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako." Halafu akamrudishia kinyago usoni. "Afadhali unao mdomo wa kumweleza."

Shemeji alimpa kopo. Alilishikilia kidogo kabla ya kuliachia.

Mama alikunjua leso. Alivitazama vipande viwili, na uso wake ukafanya kitu ambacho Shemeji hakutaka kukiona. Kisha alichukua bakuli la sponji, akaweka kipande kimoja, akaweka sumaku ndogo juu yake. Ikatua. Akamimina naitrojeni. Ilichemka kwa hasira, mvuke ukafunika bakuli, na kila mtu mle ndani akasubiri, hata vijana wa bunduki ambao hawakujua wanasubiri nini.

Mvuke ukapungua.

Naitrojeni ilikuwa haijaacha hata kuchemka, na sumaku ilikuwa imeshaachana na kigae. Ilining'inia hewani, peke yake, ikitetemeka kidogo.

Mfinyanzi alicheka na machozi yakamtoka pamoja. "Nusu inafanya kazi ya kizima," alisema. "Miaka yote hii nimekiogopa. Usiku nikilala nakiota kimevunjika. Kumbe woga huo ndio uliokuwa unanifunga!" Akavuta kinu cha mawe cha maabara, akaweka nusu ya pili ndani, akashika mchi. Akamgeukia mkwewe. "Wewe. Kabla hawajakuchukua. Njoo uone kilichomo."

Shemeji hakungoja. Kwenye korido simu ilitetemeka.

"Umezianua?" Bibi aliuliza.

"Nimezianua. Imechanika, ila inavalika."

"Nilikuambia umwache yule mtu."

"Laini ilikuwa mbaya, Bibi."

"Laini ilikuwa nzuri sana." Alikata simu, lakini Shemeji alikuwa ameshasikia kitu kilichokaribia kicheko.

Kijana mmoja wa bunduki alikuwa ameushikilia mlango wa lifti kwa heshima zote. Ndani palikuwa safi, pakavu, taa zinawaka.

"Unashuka, mzee?"

Shemeji aliitazama lifti kuanzia juu hadi chini. Akavaa miwani yake isiyo na kazi.

"Mtu hupanda ngazi," alisema, akaanza kushuka taratibu, mikono mfukoni. Huko juu mchi ulikuwa umeanza kugonga kinu.